Mama ana tatizo la moyo, mbona maji yamejaa kwenye mapafu?

Mama wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisaidie jambo linalonisumbua tangu juzi.

Mama yangu ana miaka 52. Tangu masika yaanze anakohoa usiku. Akilala chali anashtuka kama mtu anayezama, anakaa kitandani ameshika magoti mpaka kunapambazuka. Sisi tukahangaika na kifua. Dawa za kikohozi, tangawizi, asali, vyote vimepita. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hana. Mwisho tukaandikiwa kipimo cha eko, kile cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Daktari alipomaliza akasema, "Mapafu ya mama hayana ugonjwa wowote. Mgonjwa ni moyo. Vali ya kushoto imekakamaa, haifunguki vizuri, ndiyo maana maji yanajaa mapafuni." Foleni nje ilikuwa ndefu, akaandika dawa, akaita mwingine.

Sasa nimekaa nawaza. Moyo ni moyo, mapafu ni mapafu. Mlango wa moyo ukikakamaa, maji yanafikaje mapafuni? Na ni maji gani hayo, maana mama anakunywa kama sisi wote? Halafu shangazi anasema jirani yetu aliyekuwa na moyo alivimba miguu, hakukohoa hata siku moja. Mbona huyu avimbe miguu na huyu ajae mapafu, na wote tunaambiwa ni moyo?

Nikachukua daftari la sayansi la mwanangu wa darasa la saba, nikazidi kuchanganyikiwa. Kuna mchoro nusu bluu, nusu nyekundu. Upande wa kulia wa karatasi pameandikwa "kushoto", na wa kushoto pameandikwa "kulia". Ateri zote nyekundu, ila inayokwenda mapafuni ni ya bluu. Vena zote bluu, ila zinazotoka mapafuni nyekundu. Nikamuuliza mtoto, akanijibu, "Ndivyo ilivyokuwa ubaoni, mama."

Sitafuti dawa, anazo tayari. Nataka nielewe kinachoendelea ndani ya kifua cha mama yangu, kwa sababu usiku mimi ndiye ninayekaa naye.

---

Fundi Pampu

Pole sana dada. Mimi si daktari, nafunga pampu za maji za visima na maghorofa. Lakini hapo uliposema mlango umekakamaa na maji yamejaa nyuma yake, kwetu hilo ni jambo la kila wiki. Koki ya mbele ikiziba, bomba la mbele linakauka na la nyuma linavimba, na maungio yanaanza kutoa jasho. Swali langu kwa wanaojua: mapafu yako mbele ya mlango huo au nyuma yake?

---

Mwalimu wa Pangani

Fundi ameuliza swali lenyewe. Mapafu yako nyuma yake. Ngoja nieleze.

Binti yangu, Mungu ampe mama nafuu. Nimefundisha baiolojia miaka 31, Tanga mjini na baadaye Pangani, sasa nimestaafu. Mchoro huo umenisumbua miaka yote, na mwanao hana kosa. Unaonyesha moyo kama sanduku la vyumba vinne, mapafu yamewekwa pembeni kama pambo. Mtoto anakariri auriko, vyumba vya juu, na ventriko, vyumba vya chini, lakini ukimuuliza damu inapita wapi kwanza na wapi baadaye, anakodoa macho. Ndiyo maana kila mwaka, wiki ya somo hilo, nilipita buchani alfajiri kununua moyo wa ng'ombe. Nilikuwa namwambia mwenye bucha jioni ya jana yake: usiuchane, na usiyakate mabomba ya juu, niachie marefu. Asipoambiwa anaupasua katikati kutoa damu iliyoganda, na hapo somo limekwisha.

Kabla ya moyo, tuondoe hayo mawili ya mchoro. Kulia na kushoto zimepinduka kwa sababu mchoro ni wa mtu anayekutazama uso kwa uso: mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Na damu ya bluu haipo. Inayokwenda mapafuni ni nyekundu iliyokoza, kama juisi ya rozela. Inayotoka huko ni nyekundu ya kung'aa. Watu huiita ile ya kwanza "damu chafu", neno ambalo silipendi hata kidogo, maana mtu aliyetulia damu yake inarudi moyoni ikiwa bado na kama robo tatu ya oksijeni yake. Imetumika, haikuchafuka. Ama ateri na vena, rangi haihusiki. Mshipa unaotoka moyoni ni ateri, unaorudi moyoni ni vena. Ule wa kwenda mapafuni unatoka moyoni, basi ni ateri, ingawa damu yake ni ile ya rozela.

Sasa chukua moyo, uushike mkononi ncha ikielekea chini. Wa ng'ombe una kilo 2 hivi, wa mtu mzima ni kama gramu 300, ukubwa wa ngumi yake. Bonyeza pande mbili kwa vidole. Upande mmoja unabonyea kama shavu, mwingine mgumu kama paja. Ule laini ni wa kulia, ule mgumu ni wa kushoto. Ukipasua utaona kwa macho: ukuta wa ventriko ya kushoto ni kama mara tatu ya ule wa kulia. Wanafunzi wangu walikuwa wanadhani mmoja umekonda kwa ugonjwa. Sivyo. Wa kulia unasukuma damu mpaka mapafuni tu, hapo jirani, kwa presha ya milimita kama 25 za zebaki. Wa kushoto unasukuma mpaka utosini na kwenye kucha za miguu, kwa 120. Kila msuli umejengwa kwa kazi yake.

Na hapa ndipo nilipokuwa nawasimamisha wote. Tia kidole ventriko ya kulia, kingine ya kushoto, kisha tafuta tundu kwenye ukuta wa kati. Hulipati. Damu ya kulia haiwezi kuvuka kwenda kushoto hapo hapo moyoni. Njia pekee ni kuzunguka kupitia mapafuni. Galen, tabibu wa zamani wa Warumi, aliandika kwamba ukuta huo una vitundu visivyoonekana, na watu wakamwamini zaidi ya miaka 1,000. Aliyekataa ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa karibu na Damascus akafanya kazi Cairo. Mwaka 1242 aliandika kwamba ukuta ule ni mzito, hauna tundu, na kwamba damu lazima ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo ifike upande wa kushoto. William Harvey wa Uingereza alikuja kueleza mzunguko wa mwili mzima mwaka 1628, miaka karibu 400 baadaye.

Kwa hiyo ifuate damu moja kwa moja, binti yangu. Inatoka miguuni, tumboni, kichwani, inaingia auriko ya kulia, chumba cha juu. Inashuka mlango wenye vipande vitatu, inaingia ventriko ya kulia. Ventriko inakaza, mlango wa nyuma unajifunga, damu inatoka kwa ateri ya mapafu. Ateri inagawanyika mbili, kisha nne, kisha maelfu, mpaka zinakuwa kapilari, mishipa myembamba ambayo chembe nyekundu zinapita moja moja kwa kujibana. Kapilari hizo zimevizunguka vifuko vya hewa, na vifuko viko milioni 300 na zaidi. Kati ya damu na hewa kuna ngozi ambayo unene wake ni kama nusu ya elfu ya milimita. Chembe inakaa hapo chini ya sekunde moja. Inatua kabonidioksidi, inapakia oksijeni, inaondoka.

Kisha inarudi kwa vena nne za mapafu, inaingia auriko ya kushoto. Na sasa iko mbele ya mlango wa mama yako.

Mlango huo una vipande viwili, na ukipasua moyo wa ng'ombe ndicho kitu kizuri kuliko vyote utakachokiona. Vipande ni vyembamba, vyeupe, vinang'aa, na vimefungwa kwa nyuzi nyeupe hadi kwenye vinundu vya nyama ukutani. Watoto wa Pangani niliwaambia: hiyo ni demani, kamba inayoshikilia tanga la chombo. Ventriko ikikaza, damu inavipiga vipande kama upepo, na nyuzi zinavizuia visipinduke kuelekea juu. Mlango usio na ugonjwa hufunguka hata ukapitisha vidole viwili. Wa mama umekuwa mzito na kingo zake zimegandana. Damu ya kutoka mapafuni inafika pale, inakuta ufa.

Sasa rudi kwa swali la fundi. Ufa hauipitishi damu yote kwa wakati. Auriko ya kushoto inajaa, inatanuka. Vena za mapafu zinazomwaga humo nazo zinajaa. Nyuma ya vena kuna zile kapilari, na ukuta wao nimekwishakuambia ulivyo mwembamba. Presha ikipanda mle, maji ya damu yenyewe, chembe zikibaki ndani, yanajipenyeza nje na kulowesha kuta za vifuko vya hewa, mwisho yanaingia ndani ya vifuko. Hayo ndiyo maji uliyoambiwa. Hayakutoka kwenye kikombe, yalikuwa damuni.

Na jirani yenu, inawezekana kabisa kwake ulielemewa upande wa kulia. Nyuma ya upande wa kulia hakuna mapafu. Kuna ini, tumbo na miguu. Kwa hiyo maji yalitoka huko.

---

Fundi Pampu

Mwalimu shikamoo. Umenifungua macho. Ni pampu mbili kwenye laini moja, ya pili inanywa ilichotapika ya kwanza. Lakini hapo pana jambo linanitisha. Kwetu pampu mbili za mfululizo zikipishana kidogo tu, ni taabu. Nimepiga hesabu. Tuseme moyo unapiga mara 70 kwa dakika. Ya kulia ikizidisha mililita 1 tu kila pigo kuliko ya kushoto, ni mililita 70 kwa dakika, na kwa saa ni zaidi ya lita 4. Mtu ana lita ngapi za damu?

---

Mwalimu wa Pangani

Marahaba. Lita 5 hivi, mtu mzima. Hesabu yako ni sahihi, na ndani ya saa moja karibu damu yote ingekuwa mapafuni.

Kinachotuokoa ni tabia ya msuli wa moyo wenyewe. Ukiujaza zaidi, unanyooka zaidi, na ukinyooka zaidi unakaza kwa nguvu zaidi pigo linalofuata. Ya kulia ikituma ziada, ya kushoto inajaa zaidi, basi inasukuma zaidi, na zinalingana tena bila kuamriwa na ubongo. Katika miaka yote niliyofundisha, hilo ndilo lililonigusa kuliko mengine. Lakini linategemea mlango ufunguke. Ventriko ya kushoto ya mama huyu nguvu inaweza kuwa nazo, tatizo haijazwi.

---

Muuguzi wa Zamu

Dada, nipo wodi ya wanawake, na wagonjwa wa mlango huo nimewalea wengi. Mwalimu ameeleza njia, mimi niongeze ya usiku, kwa kuwa umesema wewe ndiye unayekaa naye.

Akilala chali anazama kwa sababu damu iliyokuwa imetulia miguuni mchana inarudi kifuani kwa wingi. Upande wa kulia unaipokea vizuri tu na kuituma mapafuni, kule mbele inakuta ufa. Akikaa wima na miguu ikining'inia, sehemu ya damu inabaki chini na mapafu yanapata nafasi. Kwa hiyo usimlazimishe kulala. Mpe mito, na uhesabu. Aliyekuwa na mito miwili wiki iliyopita na leo anataka minne, mapafu yanajaa, hata kama mchana anatembea. Kuhesabu mito kumetusaidia sana wodini.

Dawa ya kukojoza aliyopewa kazi yake ni kupunguza maji damuni ili presha ishuke nyuma ya mlango. Ndiyo maana anakwenda msalani kila mara. Wengi huiacha siku za safari kwa kuogopa aibu njiani, wanarudi kwetu usiku wakiwa na hali mbaya. Kama ana safari, muulizeni daktari saa ya kuimeza, msiikate. Chumvi huvuta maji yabaki mwilini, ipunguzeni kweli. Mpime uzito kila asubuhi akishatoka haja ndogo, kabla ya chai. Kilo 2 zikipanda ndani ya siku chache ni maji hayo, si unene.

Jingine ni mbio za moyo. Mlango wake unahitaji muda ili damu ichuruzike. Moyo ukienda mbio kwa homa, kupanda mlima au kubeba ndoo, muda kati ya pigo na pigo unafupika, na mapafu yanajaa papo hapo. Huenda kati ya dawa zake kuna ya kupunguza kasi ya moyo. Asiiache kwa kujisikia nafuu.

Akikohoa povu lenye rangi ya waridi, au akashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usisubiri kuche. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na mwulize jambo hili: utotoni aliumwa sana koo, mafindofindo, halafu viungo vikamvimba na kuuma kwa kuhama, leo goti kesho kiwiko? Kwetu huku mlango huo ukikakamaa, mara nyingi chanzo ni hiyo homa ya baridi yabisi. Kinga ya mwili inayopambana na vijidudu vya kooni inaushambulia moyo pia, kovu linajengeka kwa miaka, na dalili zinatokea ukubwani. Wapo wanaogundulika wakiwa wajawazito, kwa sababu mimba inaongeza damu karibu nusu ya ile ya kawaida na mlango unashindwa kuipitisha. Ndiyo maana mtoto mwenye koo la homa apelekwe akatibiwe, na aliyewahi kuugua homa hiyo huchomwa penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi.

Mlango ukiwa bado laini, wapo wanaopanuliwa kwa puto. Linapita mshipa wa paja, linapanda mpaka auriko ya kulia, linatobolewa njia ndogo kwenye ukuta kati ya auriko mbili, linaingia kushoto, linavimbishwa pale mlangoni. Wengine hubadilishiwa vali kwa upasuaji. Kwa Dar es Salaam kazi hizo ni za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kama anafaa au hafai atasema daktari aliyeona eko yake. Muulizeni mlango una upana gani. Mzima ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Chini ya 1.5 ni kubana sana.

---

Mama wa Kihonda

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana dada muuguzi na kaka fundi. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nifanye kwanza.

Jumamosi nilimwagiza mwenye bucha moyo mzima, nikamweleza asiuchane. Akaniuliza wa nini, nikamwambia, akaniachia mabomba marefu kama kidole. Tukakaa uani kwenye mkeka, mimi na mtoto, mama kwenye kiti chake. Mtoto akabonyeza pande zote mbili akazijua bila kuambiwa. Tulimimina maji kwenye lile bomba nene la kushoto, aota, linalopeleka damu mwilini, tukiwa tumeushika wima. Maji yakasimama! Tukachungulia, tukaona vifuko vitatu vya mlango wake vimebanana chini. Baadaye maji yalikuwa yanapungua polepole, hatukujua yanatokea wapi. Pia kisu kiligonga kitu kigumu hapo juu, tukadhani ni jiwe.

Nikapasua upande wa kushoto. Nyuzi zile nimeziona. Mtoto alizivuta moja moja kwa kidole, mlango ukawa unacheza.

Mama alikuwa kimya muda wote. Ndipo akauliza, "Wangu ni upi hapo?" Mtoto akamwonyesha. Akaushika, akausugua kati ya vidole kama mtu anayekagua kitambaa. Akasema alipokuwa msichana, kabla hajavunja ungo, alilala miezi kwa magoti na viwiko, bibi akimkanda kwa maji ya moto na majani. Walisema ni baridi. Hajawahi kutuambia habari hiyo hata siku moja.

---

Mwalimu wa Pangani

Maji yalikuwa yanatokea kwenye matundu mawili madogo juu kidogo ya vile vifuko. Ni mwanzo wa ateri zinazolisha nyama ya moyo wenyewe. Moyo umejaa damu lakini unakula kwa mshipa wake. Na kilichogonga kisu ni mfupa: ng'ombe ana mfupa mdogo moyoni, pale aota inapoanzia. Mtu hana. Mwambie mjukuu wangu amefanya kazi ambayo wengi wa kidato cha nne hawajaifanya.

---

Muuguzi wa Zamu

Dada, hiyo habari ya magoti iandike kwenye karatasi na mwaka wake kwa makadirio, mkaitoe kliniki. Daktari anaihitaji. Usiku analalaje sasa?

---

Mama wa Kihonda

Mito mitatu tangu Jumanne, haijaongezeka. Uzito umeshuka kilo 1 na nusu tangu tuanze kupima. Kliniki ni Alhamisi, nimeshaandika la magoti na swali la upana wa mlango.

Ule moyo tuliupika jioni na vitunguu na nyanya. Sehemu ya mama niliitoa kwanza, kabla sijatia chumvi.